Na shemeji kwenye Canter: Kondoa, Kongwa hadi Ulyankulu

Jumatatu, Dodoma hadi Kondoa

Shule zimefungwa, na shemeji hakuniacha hata nikapumua. Anakwenda Kondoa kuchukua mafuta ya alizeti, anapita Kibaigwa kudai deni lake la mahindi la tangu mwaka jana, kisha anapandisha hadi Tabora kuuza mafuta na kumalizia Ulyankulu kwa mama. Utingo wake kaenda kwao kuoa, kiti kiko wazi. Mke wangu, ambaye ndiye dada yake, kaafiki haraka kuliko nilivyotarajia. Nikafunga begi.

Familia ya mke wangu inahitaji maelezo kidogo, maana bila hayo safari hii haieleweki. Baba mkwe, Mungu amrehemu, na mama mkwe waliingia nchini mwaka 1972 wakikimbia mauaji ya Burundi. Serikali ikawapeleka Ulyankulu, wakapewa ardhi walime. Watoto wote wamezaliwa pale. Mwaka 2014 wakapewa uraia pamoja na wenzao wapatao 162,000 wa makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Ila ukoo ni mkubwa. Wapo waliorudi Burundi amani ilipotengemaa, wakajenga, wakalima, na mwaka 2015 wakakimbia tena vurugu za muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza. Mmoja wao yuko kambi ya Nduta, Kibondo. Mwingine yuko Nakivale, Uganda. Mtoto wa mjomba yuko Durban, na binti wa mama mdogo aliangukia Sweden. Wote wamo katika kundi moja la WhatsApp. Shemeji akishika usukani simu ananikabidhi mimi, nimchezee sauti zinazoingia na kumjibia. Kwa hiyo safari hii mimi ni utingo na ni karani.

Tumetoka alfajiri, upepo wa Juni unakata masikio. Msalato, Mayamaya, Chemba. Lami ni nzuri mpaka unasahau kwamba zamani barabara hii ilikuwa adhabu. Kando ya njia alizeti zimeshakatwa, vichwa vimelazwa kwenye maturubai kukauka.

Kijana wa Durban ndiye aliyefungua kundi leo. Karatasi yake inaisha wiki ijayo, kila akijaribu kuomba iongezwe mtandao haufunguki, na benki imeshamwonya kwamba karatasi ikiisha akaunti inafungwa. Afrika Kusini haiwaweki wakimbizi kambini. Anayeomba hifadhi hupewa karatasi ya muda, huiongeza kila inapokaribia kuisha, na akiwa nayo hukaa mji anaoutaka. Mwaka 2003 Mahakama ya Rufaa ya huko iliamua kwamba kumzuia kabisa mwomba hifadhi asifanye kazi wala asisome, ilhali hana msaada mwingine, ni kumvunjia utu. Sheria ikaja kukazwa mwaka 2020, ruhusa ya kufanya kazi ikawa haiji tena moja kwa moja na karatasi. Yeye ananyoa nywele, anapanga chumba na vijana watatu, na jioni anafunga mapema. Mwaka 2008 watu 62 waliuawa katika mashambulizi dhidi ya wageni, na wageni wa huko hawahitaji kukumbushwa.

"Na serikali inampa nini?" nikauliza.

"Karatasi. Huyo kafunguliwa mlango, ila ndani hamna kitu," shemeji akasema. Akapiga honi, ng'ombe wakapisha.

Jumanne, Kondoa

Mafuta hayajawa tayari. Mashine ya kukamulia imeharibika mkanda, fundi kafuata mwingine Babati. Siku nzima ikawa yetu.

Mimi nafundisha Historia, na kila nikifika Kondoa wanafunzi wangu wa zamani hutaka kunipeleka Kolo kwenye michoro ya miambani. Safari hii niliuliza jambo jingine: Wapolandi walikaa wapi? Vijana wa stendi walidhani namaanisha kampuni ya ujenzi. Mzee mmoja aliyekuwa ametoka kuswali adhuhuri ndiye aliyenielewa. Nilipomwamkia shikamoo akanivuta kwenye benchi, akasema yeye alisikia kwa baba yake tu: Wazungu wanawake na watoto, wamekimbia vita kwao, waume hawaonekani.

Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1940 na 1941 Wasovieti waliwahamisha Wapolandi wengi kwa nguvu hadi Siberia na Kazakhstan. Ujerumani ilipoishambulia Urusi mambo yakageuka, wakaachiwa, na mwaka 1942 maelfu wakavushwa hadi Iran. Wanaume wenye uwezo waliingia jeshini. Wanawake, watoto na wazee wakatafutiwa makoloni ya kuwapokea, na Tanganyika ikawa mojawapo. Kambi kubwa ilikuwa Tengeru, Arusha, ya watu kama 5,000. Nyingine zilikuwa Ifunda, Kidugala, Morogoro, Kigoma, na hapa Kondoa. Walikuwa na shule kwa lugha yao, na makanisa, na hospitali. Gharama zilianza kubebwa na serikali ya Poland iliyokuwa uhamishoni London. Wengi waliondoka vita vilipokwisha, kwenda Uingereza, Australia, Kanada. Wachache walibaki.

Shemeji alisikiliza huku akimenya chungwa. Kigoma ndiyo iliyomshika.

"Kigoma hii hii ya kambi ya Nyarugusu?"

"Mkoa ule ule."

Akacheka kwa pua. Alitaka kujua kama Wapolandi nao walikuwa wanaomba kibali cha kwenda sokoni. Nikamwambia nao walikuwa chini ya makamanda wa kambi, wakoloni hawakupenda Wazungu maskini wazagae mbele ya Waafrika, heshima ya bwana ingeshuka. Jibu hilo lilimfurahisha kuliko kitu chochote nilichowahi kumfundisha.

Fundi alirudi na mkanda magharibi. Tumepakia madumu usiku kwa taa ya simu.

Jumatano, Dodoma

Tumerudi kulala nyumbani. Shemeji alikuwa na shughuli ya leseni, mimi nikamsindikiza hadi Mtumba, kwenye Mji wa Serikali. Majengo mapya, miti bado midogo, vumbi halijali cheo cha mtu. Wizara ya Mambo ya Ndani ndiyo yenye idara ya wakimbizi, kwa hiyo makaratasi yote ya watu wa Nduta na Nyarugusu, walioko karibu na mpaka wa Burundi, huishia hapa katikati ya nchi.

Sheria inayowahusu ni ya mwaka 1998, ikafuatiwa na sera ya mwaka 2003. Kwa ufupi: mkimbizi anakaa eneo alilopangiwa, na akitaka kutoka anaomba kibali. Hiyo si Tanzania aliyoikuta mama mkwe. Ile ya 1972 iligawa mashamba, na mwaka 1983 Mwalimu Nyerere akatunukiwa nishani ya Nansen kwa ajili ya wakimbizi. Katikati hapo palitokea mwaka 1993, Rais Ndadaye wa Burundi kuuawa, kisha mwaka 1994 mauaji ya Rwanda, watu mamia kwa maelfu wakavuka ndani ya siku chache, misitu ya Kagera na Kigoma ikafyekwa kwa kuni, na wahisani wakaahidi mengi kuliko waliyoleta. Serikali ina hoja yake, na mtu wa Kibondo aliyebaki na kisima kilichokauka ana yake. Nayasema haya kwa sababu mezani kwa mke wangu huwa siruhusiwi kuyasema.

Mchana tumekula ugali na mlenda. Shemeji, pamoja na kuishi Dodoma miaka yote hii, bado anautazama mlenda kwa mashaka.

Alhamisi, Kibaigwa na Kongwa

Mdeni kapatikana! Alikuwa amejificha nyuma ya magunia yake mwenyewe. Juni Kibaigwa haina pa kuweka mguu, malori ya mahindi yamepangwa mpaka barabarani, makuli wanakimbia na magunia mabegani, madalali wanapigana vijembe. Tumelipwa nusu taslimu, nusu kwa ahadi, na tukapewa chai.

Pale kwenye chai akaja dereva wa semi, mwenyeji wa upande wa Chitego. Shemeji alimuuliza habari za huko, kijana akajibu kama wanavyojibu wote wa kule: kwamba watu wakisikia jina Chitego wanakumbuka maiti tu. Juni 2012 wanakijiji waliamka wakakuta miili porini. Walikuwa Waethiopia, wamesafirishwa ndani ya lori lililofungwa, wakielekea kusini, hewa ikawaishia. Zaidi ya 40 walikufa. Waliobaki hai, makumi kadhaa, walitupwa hapo hapo pamoja na maiti, na lori likaondoka.

Dereva yule alikuwa bado shule ya msingi. Anakumbuka wakubwa wakikimbia na ndoo za maji, na anakumbuka mama yake alivyokuwa anapika uji kwenye sufuria la msiba, bila kuagizwa na mtu. Wale vijana hawakujua Kiswahili. Mmoja, anasema, alikuwa ameshika bakuli kwa mikono miwili na hanywi, anaangalia tu kila anayepita, mpaka mama alipoonja uji mbele yake. Ndipo akanywa.

Nimelifikiria bakuli hilo hadi Mbande.

Njia ile haijafungwa. Kutoka pembe ya Afrika hadi Afrika Kusini lazima mtu apite Kenya, Tanzania, kisha Malawi au Msumbiji au Zambia, na anayeweza kuvuka kwa pasi hapandi ndani ya kontena. Sheria ya wakimbizi inamtaka afike kwa ofisa ajieleze. Dalali aliyemchukulia pesa anamwambia akijieleza atarudishwa. Akikamatwa kabla hajasema neno, anasomewa shitaka la kuingia nchini bila kibali, anafungwa. Januari 2021, Rais Sahle-Work Zewde wa Ethiopia alipomtembelea Rais Magufuli kule Chato, ilitangazwa kwamba Waethiopia 1,789 waliokuwa katika magereza yetu wataachiwa. Idadi ya watu wa kijiji kizima, nao ni waliokamatwa tu. Wangapi kati yao walikuwa na sababu ya kuomba hifadhi, mahakama haikuwauliza hilo, iliwauliza wamepitia wapi.

Kutoka Mbande tumekata kushoto hadi Kongwa, kwa ombi langu. Shemeji alilalamikia mafuta ya gari, nikamnunulia lita kumi.

Kongwa ina historia mbili za wageni. Ya kwanza ni ya Waingereza na karanga zao: mwaka 1947 walikuja na matrekta kufyeka pori walime karanga za kulainisha njaa ya Uingereza baada ya vita, udongo ukawashinda, mvua ikawashinda, na mwaka 1951 mradi ukafungwa. Ya pili ilianza mwaka 1964, pale serikali ilipotoa eneo hapa kuwa kambi ya wapigania uhuru. FRELIMO wa Msumbiji walikaa hapa, na SWAPO wa Namibia, na ANC wa Afrika Kusini, na MPLA wa Angola, na ZAPU wa Zimbabwe. Makaburi ya baadhi yao yapo.

Kwa karatasi hao hawakuwa waomba hifadhi, walikuwa wapiganaji. Lakini walikimbia kwao kama wengine, na nchi iliyowapokea haikuwa imefikisha hata miaka mitatu ya uhuru. Walikuwa na bustani, walicheza mpira na wenyeji, wengine walioa huku. Baadaye Mazimbu, Morogoro, ANC walipewa eneo wakajenga mwaka 1978 shule ya Solomon Mahlangu, yenye wanafunzi, hospitali, shamba na karakana za samani, na walipoondoka mwaka 1992 waliikabidhi yote kwa Tanzania. Leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Sokoine.

"Hao waliachiwa wajenge," shemeji akasema.

Nikamwambia hata yeye, mama yake aliachiwa alime.

"Ndiyo. Ndiyo maana mimi nina Canter na yule wa Nduta hana hata baiskeli."

Huwezi kubishana na mtu ambaye amekuendesha siku nzima. Ila nadhani ana haki. Mimi mwenyewe nimekuwa nikipima nchi kwa kile inachompa mkimbizi, kilo ngapi, pesa ngapi. Yeye anapima kwa kile isichomkataza.

Ijumaa, Bahi hadi Manyoni

Tumeanza safari ya magharibi. Bahi wanauza mchele na kambale wa kukaushwa, harufu inaingia ndani ya gari hata ukipandisha vioo. Kintinku, kisha mlima wa Saranda, gari linapanda kwa gia ya pili na madumu yanagongana nyuma.

Kwenye kizuizi kimoja, ambacho sitakitaja, walisimamisha gari kuangalia leseni ya biashara. Ofisa alikuwa na adabu mpaka shemeji alipofungua mdomo. Lafudhi.

"Wewe mwenyeji wa wapi?"

"Tabora."

"Tabora ipi?"

"Ulyankulu."

Basi hapo ikabidi ashuke. Alitoa kitambulisho cha taifa. Kikageuzwa, kikatazamwa kwenye jua. Akatoa cheti cha uraia, amekitia plastiki, kimekunjwa mara nne mpaka mikunjo imepauka, anakiweka ndani ya Biblia kwenye kisanduku cha dashibodi. Ofisa akakisoma chote, jina la aliyetia saini, tarehe, kila kitu. Kisha akaniuliza mimi kama namfahamu huyu mtu. Nikamwambia ni kaka wa mke wangu. Akaturuhusu. Dakika kama ishirini. Shemeji alirudisha cheti ndani ya Biblia, kwenye ukurasa ule ule, akawasha gari, na mpaka Manyoni hakusema kitu ila kuuliza kama nina njaa.

Tukiwa kwenye foleni ya chipsi Manyoni, binti wa Sweden akatuma sauti, ndefu kama kawaida yake. Mama mkwe alikuwa ameuliza jana kwenye kundi kwa nini miaka ile ya mwanzo hakuwa anatuma kitu, wakati yupo Ulaya. Swali la mama mkwe huwa halisahauliki, linaweza kukaa miaka tisa likisubiri.

Akaeleza. Alifika mwaka 2015, ule ambao Sweden ilipokea maombi karibu 163,000 kwa mwaka mmoja. Walimpa kitanda katika jengo la serikali, nje kabisa ya mji, na kadi ya mwomba hifadhi. Chumba ni cha watu wanne. Posho ya mtu mzima anayejipikia ilikuwa krona 71 kwa siku, kama shilingi 18,000 hivi za kwetu. Kiwango hicho kilikuwa kimewekwa mwaka 1994 na hakikuwa kimepanda. Humo ndani ni chakula, sabuni, nguo, simu, nauli. Anayepikiwa alipata krona 24. Daktari alimlipa krona 50 akiumwa, hiyo ilikuwa nafuu. Koti la baridi aliomba kanisani. Aliruhusiwa kufanya kazi baada ya kuthibitisha jina lake, lakini kwenye mji ule kazi haikuwepo, na ukihama mwenyewe kutafuta kazi, pa kulala unajilipia. Alisubiri uamuzi miaka miwili. "Mama, chakula nilikula," anasema. "Nilichokosa ni cha kufanya kuanzia saa mbili asubuhi mpaka usiku."

Ana rafiki yake Uingereza ambaye alipangiwa hoteli. Milo mitatu, na pesa ya mkononi isiyofika paundi 10 kwa wiki. Kazi ilikuwa hairuhusiwi mpaka mwaka upite bila kesi kujibiwa, na hata hapo zilikuwa kazi za orodha maalumu tu. Wenyeji wakasikia "hoteli" wakakasirika, wakaja na mabango. Wenye kulala ndani wangeibadilisha hoteli hiyo na chumba cha uani chenye jiko lao wenyewe.

Ujerumani nao walikuwa na posho iliyogandishwa tangu 1993, mpaka Mahakama yao ya Katiba iliposema mwaka 2012 kwamba ni ndogo mno, haikidhi utu wa mtu, na utu haupunguzwi kwa sababu ya siasa za uhamiaji. Nilimwambia shemeji hayo. Alikuwa anatafuta pilipili.

Jumamosi, Itigi, Tabora, Ulyankulu

Vichaka vya Itigi, kisha Tabora, jua kali. Mafuta tumeuza kwa bei ya kuridhisha, madumu manne yamevuja. Tumeingia Ulyankulu jioni tumekuwa wekundu kwa vumbi. Mama mkwe hakutuamkua kwa maneno mengi, kauliza kwanza kama tumekula, halafu kama dada mtu ni mzima, halafu ndipo akatushika mikono.

Jumapili, Ulyankulu

Baada ya ibada kikao cha ukoo kimekaa chini ya mwembe, wengine wapo, wengine kwenye simu iliyoegeshwa juu ya kinu. Agenda ni mchango. Pesa ya Canter na michango ya wengine haitoshi watu wote, na wanaoomba ni wawili: Nduta na Nakivale.

Wa Nduta alizungumza kwanza, kwa simu ya kuazima. Mgao wa chakula uliwahi kukatwa mwaka 2023 hadi nusu ya kipimo: unga, kunde, mafuta kidogo, chumvi. Zamani kule Nyarugusu kulikuwa na mpango wa kupewa fedha taslimu, ulisimamishwa mwaka 2017. Kulikuwa na soko la pamoja, wakimbizi na wenyeji wanauziana, lilifungwa mwaka 2019. Mke wake alikuwa anakaanga maandazi pale. Kwenda kutafuta kuni nje ni hatari kwake, kukaa bila kuni ni njaa. Na kila wiki tangazo la kurudi Burundi kwa hiari, tangu zoezi hilo lianze mwaka 2017. Majirani wengi wameshaandikishwa. "Hiari ipo," alisema, "ila kila kitu kingine kimeondolewa, imebaki yenyewe." Anaomba unga, sabuni na sare za watoto wawili.

Mama mkwe akauliza: kwani hawezi kuja hapa Ulyankulu msimu huu, kazi ya tumbaku imetushinda, akafanya kazi, akalipwa?

Shemeji akamweleza kwamba kibali hakitolewi kwa ajili ya hilo, na akikamatwa njiani ni kesi.

"Sisi tulipewa jembe wiki ya kwanza," mama akasema. "Na katikati ya miaka ya themanini wale wa misaada wakaondoka, maana tulikuwa tunajilisha. Tulikuwa tunauza mahindi kwa hao hao waliotupokea."

Hakuna aliyemjibu. Mjomba mmoja akakohoa.

Wa Nakivale alikuja na hesabu, anapenda hesabu. Uganda ilimpa kiwanja cha kujenga na kabustani, kwa sheria yao ya mwaka 2006 anaruhusiwa kufanya kazi na kwenda Mbarara au Kampala bila kuomba. Watoto wanasoma shule moja na wenyeji. Asifikiriwe yupo peponi: watu ni zaidi ya milioni moja na nusu nchi nzima, viwanja vinazidi kukatwa vidogo, na mwaka 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilisitisha chakula kwa wakimbizi wapatao milioni moja huko kwa kukosa fedha. Naye yumo katika waliokatwa. Kwa hiyo anataka mashine ya kusaga ya mkopo, dhamana anayo nusu, nusu atuombe sisi. Baada ya msimu mmoja ataanza kurudisha.

Hapo kikao kiligawanyika. Vijana walisema pesa yote iende Nakivale, kule inazaa. Ya Nduta inaliwa na mwezi ujao mnaombwa tena, na zaidi ya hapo haifiki yote, maana inapitia namba ya mwenye duka Kibondo ambaye naye anakata chake. Binti wa Sweden akasema kwa sauti kali kwamba hawezi kukubali mtu anyimwe kwa sababu amefungiwa. Shemeji alikuwa upande wa vijana, nilimwona usoni, lakini akanyamaza. Mimi mkwe sina kura, nikaulizwa hata hivyo, nikasema sare za watoto haziwezi kusubiri mashine.

Mama mkwe ndiye aliyekata. Sare na sabuni zitanunuliwa hapa hapa Tabora na kupelekwa kwa mkono na mchungaji anayekwenda Kibondo mwezi ujao, pesa isitumwe. Unga wa miezi miwili utanunuliwa Kibondo kwa mtu anayemjua yeye, si yule mwenye duka. Kinachobaki kiende Nakivale, na asiporudisha kwa msimu mmoja, apewe miwili. Durban asamehewe mchango mpaka karatasi yake iongezwe. Sweden atoe mara mbili, kwa sababu ya ile miaka ya mwanzo.

Binti wa Sweden alicheka mpaka simu ikakatika.

Mimi nimefanywa mweka hazina bila kugombea. Kesho tunapakia asali ndoo kumi na tano kurudi nazo Dodoma, na shemeji ameshaanza kuninong'oneza kwamba mchango wake autoe kwa awamu.